Pima Kwanza, Shemeji

Busia, upande wa Uganda
9 Februari 1964

Shemeji Edimu,

Pokea salamu zangu na za watoto wote wanne. Tuko wazima. Edeku ameingia darasa la sita na sasa anatuamrisha sote kama mwalimu mkuu.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kiteso chako nakisema lakini kalamu yangu haikijui, na Kisamia changu wewe unaishia kwenye salamu tu, halafu unacheka.

Habari kubwa ni matofali. Tanuri limepoa, tumelifungua jana, na ukiligonga tofali linalia kama kengele ya misheni. Ninajenga, Shemeji. Tangu ndugu yako Ecweru atangulie, miaka miwili hii, nimelala na watoto kwenye chumba cha nyuma ya hoteli yangu ya chai, na huko mbele madereva wa malori wanapiga meza na kuitisha chapati. Sasa basi. Nataka vyumba vinne vya matofali na mabati juu. Viwili vya kulala sisi, viwili vya kupangisha, ili ada ya shule isinikute nikikuna kichwa.

Fundi wangu ni Othieno. Amekwisha kuvuta kamba kufuata yale mawe mawili ya mpaka ya upande wa kushoto, moja kando ya barabara, jingine huko nyuma karibu na choo. Ng'ambo ya mawe ni kiwanja cha Maloba, yule wa reli. Tangu aende Nakuru hakuna anayeishi pale isipokuwa magugu na kuku wangu.

Mzee Okiror, baba mdogo wa marehemu, alipita akasema, "Mjane hajengi. Mjane hujengewa." Nikamwuliza, "Na wewe unanijengea lini?" Akaagiza chai.

Wewe ulisema utanitafutia saruji huko Tororo. Nakushika neno. Niletee kwa lori lolote linalokuja mpakani. Nataka kuchimba msingi kabla ya masika.

Ni mimi shemeji yako,
Benedeta Taaka


Tororo
17 Februari 1964

Mama Edeku, shemeji yangu,

Barua yako ilinikuta Merikit, kambini, tunapima mashamba. Nimefurahi kwa ajili ya matofali. Marehemu angefurahi pia.

Lakini nakuomba kitu kimoja. Pima kwanza.

Unajua kazi yangu. Bwana Ofwono ana leseni ya upimaji. Yeye anachungulia kwenye darubini yake ya miguu mitatu, mimi nashika mwisho wa mnyororo wa kupimia. Miaka minne nashika mnyororo huo na nimeona mambo. Kule Osukuru mtu mmoja alijenga duka zuri, na baraza ya saruji, na rangi ya kijani. Alipokuja kupimwa akaambiwa baraza yote iko ndani ya nafasi ya barabara. Alivunja akilia. Mwingine alichimba kisima chake kwenye shamba la mkwe wake, na tangu siku ile hawaamkiani. Wote hao walikuwa na fundi, na fundi alikuwa na kamba. Kamba ya fundi inanyooka sawasawa, Shemeji, lakini inanyooka kutoka pale alipoambiwa aanzie. Mpimaji anaanza na ramani. Anatafuta namba ya kiwanja, anatafuta mawe, anauliza kama mawe yako pale ramani inaposema. Akimaliza, unajenga, na hakuna mtu atakayekuja kusimama sebuleni kwako na kusema hapa ni kwake.

Gharama niachie mimi, nitazungumza na Bwana Ofwono. Ngoja mwezi mmoja, miwili. Usichimbe hata futi moja upande wa Maloba.

Saruji bado sijapata.

Shemeji yako,
Edimu


Busia
25 Februari 1964

Edimu,

Nilisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza niliona huruma ndani yake. Mara ya pili ilikuwa jioni ileile, Mzee Okiror alipokuja na kukaa kwenye benchi langu na kusema, bila kuulizwa, "Kile kiwanja kipimwe, ili ukoo ujue kilicho chake."

Neno lilelile! Kupima. Wewe Tororo, yeye hapa, na neno limeruka maili ishirini kwa miguu yake lenyewe?

Sasa nimeelewa. Mnasubiri mpimaji aje na karatasi, na kwenye karatasi liandikwe jina la ukoo, halafu Benedeta afunge mkeka wake arudi kwa baba yake Lumino. Nimewaona wajane wengi wakisindikizwa hivyo, wanabembelezwa mpaka njia panda. Mimi sitembei njia hiyo. Kiwanja hiki mume wangu alikipata kwa mkono wake mwaka 1951, gulio lilipogawanywa viwanja, na nauli ya kwenda kukifuatilia ilitoka kwenye chapati zangu.

Na unatilia shaka mawe! Mawe ambayo Ecweru alinionyesha mwenyewe. Mtu aliyekuwa katekista miaka kumi na moja, aliyefundisha nusu ya watoto wa Busia amri za Mungu, leo mdogo wake anataka darubini ije imchunguze kaburini?

Jana nimechimba. Nimeanzia upande wa Maloba, makusudi. Saruji yako kaa nayo. Nimevuka kwenda upande wa Kenya na nimepata kwa duka la huko, na mkokoteni umeshaileta.

Benedeta Taaka, mke wa Ecweru


Tororo
4 Machi 1964

Mama Edeku,

Mimi na Mzee Okiror hatujasemezana tangu msiba. Naapa kwa watoto wako. Sitaki kiwanja, sitaki hata jiwe moja.

Saruji nilikuwa nayo. Mifuko kumi iko hapa chumbani kwangu, nalala kando yake. Niliizuia ili usichimbe. Hilo ni kosa langu na ninalikiri.

Simamisha Othieno. Kuna sababu ambayo siwezi kuitia katika barua. Simamisha tu.

Edimu


Busia
11 Machi 1964

Edimu,

Sababu isiyoingia katika barua, ilete kwa miguu. Tororo si Ulaya. Basi linapita mlangoni kwangu kila siku na wewe hushuki.

Msingi umemwagwa. Umekauka. Nimeukanyaga.

Benedeta


Busia
12 Juni 1964

Kwa Bi. Benedeta,

Mimi ni Maloba, mwenye kiwanja cha kushoto kwako. Nimerejea nyumbani baada ya kuitumikia reli miaka minane huko Nakuru bila kuchelewa kazini hata siku moja. Nimestaafu kwa heshima na nina barua ya kuthibitisha hilo.

Nimekuta nyumba. Si yangu, lakini imo ndani ya kiwanja changu. Ukuta wako wa kushoto na vyumba viwili vimesimama mahali nilipokuwa nikifunga ng'ombe wangu. Nilipima kwa hatua, na mimi hatua zangu nazijua, maana nilikagua njia ya reli kwa miguu.

Nakupa wiki mbili uvunje. Usipovunja, tutaonana kwenye korti ya gombolola, mbele ya chifu. Tena nakushauri, kama mzee: mwanamke asiye na mume hajengi mpakani mwa watu. Rudi kwenu Lumino, ukapumzike.

Wako katika haki,
P. Maloba


Busia
13 Juni 1964

Mzee Maloba,

Nimepata barua yako. Ungeweza kuja kuisema, tumetenganishwa na ukuta mmoja tu, lakini naona reli imekufundisha kuandika.

Uliposimama jana ndani ya chumba changu na fimbo yako, nilikuuliza, "Jiwe la mpaka liko wapi?" Ukaliona kwa macho yako. Liko pale barabarani, na namba yake, futi mbili nje ya ukuta wangu. Ukasema, "Jiwe hili halikuwa hapa." Nikakuuliza, "Lina miguu?" Ukapiga ukuta wangu kwa fimbo. Usirudie kuupiga.

Wiki mbili zako chukua zote uongezee kwenye pensheni. Sivunji. Lenta ya zege juu ya milango nitaimwaga Jumatatu. Korti naijua njia yake.

Kuhusu kupumzika Lumino, waliochoka ndio wanaopumzika.

Benedeta Taaka


Busia
2 Julai 1964

Shemeji Edimu,

Karibu miezi minne hatujaandikiana. Leo naweka hasira chini kwa sababu nina shida.

Maloba amerudi na amenishtaki. Kesi itasikilizwa tarehe 27 mwezi huu. Anadai futi kumi na nane, kutoka barabarani mpaka nyuma, yaani vyumba viwili kamili, na lenta nimekwisha kuimwaga. Anatembea gulioni akimwambia kila mtu kwamba katekista alikuwa mwizi. Wanawake wanaacha kuzungumza nikiingia. Edeku amepigana shuleni, amerudi na shati limechanika begani, hataki kusema aliambiwa nini, lakini najua.

Nataka uje usimame kortini. Wewe ulikuwa unaishi nasi wakati ule. Uliyaona mawe yakiwekwa na serikali, na wewe ni mtu wa upimaji, watakusikiliza. Sema tu ulichokiona. Mengine niachie mimi.

Yale niliyokuandikia mwezi wa pili juu ya ukoo, kama nilikosea, tutayazungumza ukifika. Uje kabla ya tarehe 27. Watoto wanakuuliza.

Shemeji yako,
Benedeta


Tororo
9 Julai 1964

Mama Edeku,

Nimeanza barua hii mara nne. Hii ya tano itakwenda hata ikiwa mbaya.

Siwezi kusimama kortini na kusema ulichoniomba, kwa sababu nikisema nilichokiona, Maloba atashinda.

Mawe yalihamishwa. Tuliyahamisha sisi, Ecweru na mimi. Ilikuwa mwaka 1956, mwezi mmoja baada ya Maloba kwenda Nakuru. Ilikuwa mchana, siku ya gulio, watu wote wako sokoni, na wewe ulikuwa na mtoto mchanga kwa mama yako, Lumino. Ecweru alisema, "Mtoto wa nne amekuja, na kiwanja hiki ni chembamba kama mkanda. Maloba hana mke wala mtoto, nafasi yote ile anamwekea nani? Akirudi nitamwambia mwenyewe, tutaelewana." Mimi nilikuwa kijana, yeye ndiye aliyenilea. Nilishika jembe. Tuling'oa la barabarani, tukalipeleka hatua sita, tukafukia. Kisha la nyuma. Hata namba tuliigeuza itazame upande uleule. Halafu alikwenda kufundisha katekisimu, na mimi nikanawa mikono.

Hujasikia lililo baya zaidi.

Alipokuwa hospitalini, siku mbili kabla hajafa, aliniita nikae karibu. Aliongea kwa shida. Alisema, "Edimu, yarudishe yale mawe. Usimwambie Mama Edeku. Yarudishe tu, kabla hajajenga." Nikamwambia ndiyo. Alishika mkono wangu mpaka nikarudia mara ya pili.

Sikuyarudisha. Wakati ule nilikuwa nimekwisha kuajiriwa na Bwana Ofwono. Mshika mnyororo akikutwa na jiwe la mpaka mkononi, anakwenda jela, na hata asipokwenda jela hakuna atakayempa mnyororo tena. Nikasema mwaka huu, nikasema mwaka ujao. Ulipoandika kwamba unajenga, nikaona nijifiche nyuma ya upimaji. Niliwaza Bwana Ofwono atayakuta mawe hayako sawa, atasema labda trekta la barabara liliyasogeza, na jina la Ecweru litabaki safi, na langu pia. Ndiyo sababu nilikuambia pima kwanza. Ushauri ulikuwa wa kweli, lakini aliyeutoa alikuwa mwongo.

Vyumba vile viwili umevijenga juu ya woga wangu. Fanya nami utakavyo.

Edimu


Busia
16 Julai 1964

Edimu,

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni na maziwa yakachemka yakamwagika yote.

Siku tatu sikusema na mtu. Siku ya nne Mzee Okiror akaja. Nilimwonyesha barua, sijui kwa nini, labda nilitaka kuona uso wa mtu wa kwenu. Hakushtuka hata kidogo. Alisema, "Ichome. Korti itaangalia mawe, na mawe yanakutetea. Nani ataamini mtu wa reli kuliko katekista? Nyamaza, utashinda."

Na ni kweli, Edimu. Nitashinda. Jana nilipita kwenye vile vyumba viwili, nikaweka mkono ukutani. Kila tofali nalijua. Nilifikiri juu ya wapangaji, juu ya ada. Nilifikiri, Maloba ana roho mbaya, alinitukana, alimtukana Ecweru, kwa nini nimpe kitu? Nilikaa na mawazo hayo mchana kutwa, sikufichi, nakuambia ili usidhani nimeumbwa kwa udongo mwingine.

Lakini Edeku alipigwa shuleni kwa sababu alisema baba yake hakuiba. Yule mtoto alipigana kwa ajili ya uwongo wetu. Nikishinda kesi, atapigana kwa ajili yake maisha yake yote, na siku moja atajua.

Na ninyi wawili! Mmoja anakufa na kusema "usimwambie Mama Edeku." Mwingine anaishi na hamwambii Mama Edeku. Mlinionaje? Kioo cha taa, nikiguswa nitavunjika? Mimi ndiye niliyebeba mchanga wa nyumba hii kichwani. Mngeniambia mwezi wa pili, ningegeuza kamba ya Othieno futi kumi na nane na kuendelea kupika. Neno moja tu! Mmeninyima neno, mkanipa hotuba juu ya duka la Osukuru.

Sasa sikiliza. Sikuombi, ninakuagiza.

Utakwenda kwa Bwana Ofwono, utamwambia yote, na utasema jina lako kabla ya jina la ndugu yako, kwa sababu yeye alitaka mawe yarudi na wewe hukutaka. Utamwomba aje apime, kwa ramani ya serikali. Utayaandika yale uliyoniandikia na kutia sahihi, yasomwe mbele ya watu. Mimi nitakwenda kwa chifu kuomba kesi isimame mpaka mpimaji aje.

Barua yako sijaichoma. Iko ndani ya blauzi yangu.

Benedeta


Tororo
24 Julai 1964

Mama Edeku,

Nimemwambia.

Bwana Ofwono alikuwa anafuta vumbi kwenye lensi. Hakuacha kufuta mpaka nilipomaliza. Kisha akauliza, "Jiwe lilikuwa la zege, na chuma katikati?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Na chuma ulikiacha wima?" Nikasema nilijitahidi. Akasema, "Ulikuwa mshika mnyororo mzuri, Edimu." Alisema *ulikuwa*. Nikauweka mnyororo juu ya meza.

Hakunipeleka polisi. Alisema hilo ni shauri la Maloba, akitaka. Atakuja Busia tarehe 11 Agosti kwa ajili ya kupima. Mimi amenikataza kuja, kwa sababu jambo linanihusu. Karatasi yangu yenye sahihi anayo, ataisoma mwenyewe.

Sasa napakia saruji kwenye malori hapa kiwandani, kwa kutwa. Mifuko yako kumi bado iko chumbani. Niambie nifanye nini nayo.

Edimu


Busia
3 Septemba 1964

Edimu,

Hukuwepo, kwa hiyo nitakueleza kama ilivyokuwa.

Tarehe 11 watu walijaa kama siku ya gulio. Bwana Ofwono alikuja na vijana wawili, akakunjua ramani juu ya meza yangu ya chai, na chifu akakaa kando yake. Maloba alivaa koti la reli na vifungo vyote. Mzee Okiror alikaa mbele kabisa.

Bwana Ofwono alisoma karatasi yako kabla ya kupima. Nilikuwa nimemwomba hivyo. Sikutaka mnyororo utuumbue, nilitaka tujiseme wenyewe. Alipofika pale Ecweru anaposema "yarudishe," bibi mmoja wa kanisani akaanza kulia kwa sauti. Maloba alitazama chini. Mimi nilitazama watu, mmoja mmoja, mpaka kila aliyekuwa na neno akaona afadhali alimeze. Edeku alisimama karibu nami. Nilikuwa nimemwambia mwenyewe asubuhi ile, yote. Aliuliza swali moja tu: "Baba alijuta?" Nikasema, "Alijuta." Akaitikia kwa kichwa.

Kisha wakapima. Walianza mbali, kwenye jiwe la kona ya barabara ya Kenya, wakaja kiwanja kwa kiwanja. Nilifuata kila hatua. Nilikuwa sijawahi kuona kazi yako, Edimu. Ni kazi safi. Mnyororo hauna mjomba, hauna kanisa. Ulipofika kwetu ukapita katikati ya nyumba yangu. Kijana akapigilia kigingi ndani ya chumba, pale nilipokuwa nimepanga kuweka kitanda cha wasichana. Futi kumi na nane na inchi nne. Hata zile inchi nne alizitaja.

Maloba akasogea. Hakuwa tena na ile sauti ya barua. Akasema, "Mama, imeonekana. Mimi si mnyama. Acha ukuta usimame. Vyumba viwe vyangu, wewe utavitumia, na kila mwezi utanipa kitu kidogo."

Watu wakasema eeh, ni neno zuri. Chifu mwenyewe alifurahi.

Nikasema, "Hapana."

"Kwa nini?" chifu akauliza. "Nyumba si itavunjika?"

"Nitaivunja mimi," nikasema. "Nilijenga mahali pasipo pangu, sikujua, sasa najua. Lakini sitaamka kila mwezi kwenda kumshukuru mtu kwa matofali niliyoyachoma mwenyewe. Mzee Maloba, ardhi ni yako, ichukue. Matofali ni yangu, nayachukua. Na siku ile ulimwita mume wangu mwizi gulioni. Leo umemsikia akitubu. Utarudi gulioni useme hilo pia, kwa sauti ileile."

Akasema, "Nitasema." Na amesema, Edimu. Nilikuwa nanunua samaki nikamsikia. Kwa polisi hatakwenda. Alisema mtu aliyekwisha kujishtaki mwenyewe hana haja ya kushtakiwa.

Alijaribu mara moja tena. "Basi msingi uache, Mama, utanifaa." Nikamwambia nitamwachia shimo.

Kisha likaja la mwisho. Tuliporudi hotelini, Bwana Ofwono alitoa fomu ya kuandikisha kiwanja, akauliza, "Mwenye kiwanja ni nani?" Mzee Okiror akajibu kabla sijafungua mdomo. "Andika ukoo. Au andika Edeku, mtoto wa kiume."

Nikasema, "Andika Benedeta Taaka."

"Mwanamke aliyekuja kwa kuolewa?" Mzee Okiror akauliza, akiwageukia watu.

"Huyohuyo," nikasema. "Aliyelipia nauli ya kiwanja hiki kwa chapati. Aliyeambiwa anyamaze atashinda, akakataa. Yuko mzee mmoja hapa aliyenishauri nichome barua ile. Akitaka nimtaje jina, aendelee kuzungumza."

Bwana Ofwono alimtazama chifu, chifu akatazama dari, kisha akasema, "Mjane anaishi hapo, watoto wanaishi hapo. Andika." Na akaandika, herufi kwa herufi, na mimi nikamkumbusha kwamba Taaka ina *a* mbili.

Kuvunja kulichukua siku tisa. Mimi na Othieno, na wanawake watatu wa sokoni ambao sikuwaita. Matofali mengi yametoka mazima. Lenta ilikataa, ikavunjika vipandevipande, na nililia zaidi kwa ajili ya lenta kuliko nilivyolia kwa ajili yako. Sasa pale kwa Maloba pana shimo refu, na asubuhi anasimama ukingoni akiwa na kikombe, analitazama.

Nyumba imebaki vyumba viwili. Kiwanja ni chembamba kama mkanda, kama alivyosema Ecweru. Wapangaji watasubiri. Nitajenga kwenda nyuma, kuelekea choo, ambako kuna nafasi na hakuna ugomvi, na choo kitahama. Bwana Ofwono amepigilia bikoni mpya za mpaka na kunionyesha kila moja. Nimewapeleka watoto wote wanne wazishike kwa mkono. Kwa Ecweru nimeomba misa, na nimemwambia padre aseme wazi ni ya mtu aliyekosa na kujuta. Sitamzika mara ya pili kwa kunong'ona.

Sasa wewe. Mifuko ile kumi ilete. Usiitume, ilete, na ushuke kwenye basi mchana, watu wakuone. Othieno anahitaji mtu wa kukoroga zege na kubeba matofali, na mimi sina pesa ya kibarua. Utalala hotelini, nyuma ya jiko. Watoto watakuuliza maswali, na utayajibu yote.

Sijakusamehe. Lakini chakula utakula.

Benedeta Taaka
Kiwanja namba 14, Busia